Kridlovka ya Pili

Kwa miaka yote aliyopiga katika bendi ya kijiji, Vendelín Zlámal hakuwahi kusikika, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Alipiga kridlovka ya pili, tarumbeta nene ya sauti nyororo, ubavuni mwa shemeji yake Radoslav, mume wa dada yake Apolena. Radoslav aliubeba wimbo juu, Vendelín akamfuata chini, na watu walisikia mpigaji mmoja.

Alipostaafu kutengeneza mapipa, binti yake Jitka akamletea kutoka mji wa Brno kridlovka mpya ya pistoni. Ya zamani ilikuwa na vali za kuzunguka: ukibonyeza kidogo tu, kipande cha shaba ndani kinageuka, na noti inateleza kuingia katika nyingine usijue imevukia wapi. Pistoni hupanda na kushuka wima. Kila noti hufika kwa miguu yake yenyewe.

Mazoezini, katikati ya wimbo wa taratibu, Radoslav akashusha chombo.

"Shemeji, nani kaingia humu?"

"Ni mimi."

"Ndiyo shida hiyo. Nakusikia."

"Mwache bwana, kapewa na mwanawe," mpiga ngoma akadakia. "Wewe wako wanakuletea soksi."

Wenzao wakacheka. Radoslav hakucheka.

"Hiyo kaipige kwako. Hapa uje na ile yetu, la sivyo kiti hicho nampa mtu mwingine."

Jumapili Jitka akapiga simu. "Baba, wanaisifu?"

"Wanaisikia," akajibu.

Akarudia ya zamani. Ile mpya akawa anaipiga peke yake kwenye ghala la mvinyo, katikati ya mapipa. Ndipo alipoijua sehemu yake ilivyo: wimbo mkavu, wenye mapengo, unaongoja kitu ambacho hakiji. Hata hivyo aliurudia kila jioni.

Januari Apolena akafariki. Siku ya maziko Vendelín alifika langoni mwa makaburi akiwa ameficha kridlovka ya zamani ndani ya koti, vali zisigande kwa baridi. Radoslav, macho mekundu, alikuwa na yake mkononi.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Nyumbani. Si ulisema..."

"Najua nilichosema. Kailete."

"Sauti hazitashikana, shemeji."

"Zisishikane. Nimeamka leo, nyumba kimya. Pale kaburini nataka nijue kuna mtu pembeni yangu."

Vendelín akaenda akarudi, akadondoshea pistoni matone ya slivovice, pombe kali ya plamu, zisigande. Wakapiga wimbo aliopenda Apolena. Noti zake zilifika moja moja, nyuma kidogo ya zile za juu, kama mtu anayetembea kwenye theluji. Kabla ya mwisho pumzi ya Radoslav ikakatika. Vendelín hakupanda kuushika wimbo wa juu. Aliendelea na sehemu yake vilevile, akayaacha mapengo yabaki mapengo, hadi shemeji yake alipoweza kuingia tena.