Mluzi Asiousikia Thadei

Kila mji una kelele unayoipenda. Songea hupenda kelele ya heri: harusi, kipaimara, komunyo ya kwanza, mtoto aliyerudi na cheti. Na mtaani Mjimwema, shughuli isiyosikika mpaka mtaa wa Msamala watu huiita kikao. Ndiyo maana Thadei Komba hakuwahi kukosa kazi. Tangu enzi za vipaza sauti vya bati vilivyofungwa juu ya gari na kulishwa na betri ya lori, yeye ndiye aliyesimama kando ya spika, bega likigusa ubao wake, akiongeza kila alipoambiwa aongeze. Hakuna aliyewahi kumwambia apunguze.

Hayo ndiyo yaliyomla masikio. Hayakufa yote kwa pamoja. Yalianza kufa kutoka sauti za juu. Kwanza alipotelewa na nyenje wa kiangazi, kisha simu yake mwenyewe, kisha wajukuu. Ngoma ilibaki, besi ilibaki, wanaume wa sauti ya nne walibaki wanene kama zamani. Sauti za wanawake ndizo zilizokuwa kama za watu wanaozungumza ng'ambo ya bonde. Thadei akapata wa kuwalaumu: waimbaji wa siku hizi wanamung'unya maneno, maiki za siku hizi hazina moyo.

Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, mkewe Kunegunda, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani. Hawakupatana kwa maneno. Jumapili moja maiki ilipiga mluzi, waumini wakakunja nyuso, na Thadei ameketi nyuma ya mitambo anatabasamu. Kunegunda akagusa kilemba chake, akashusha mkono polepole huku akimkazia macho. Thadei akashusha. Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Akigusa kilemba upande wa kulia, sauti inachoma, punguza. Akigusa kushoto, kwaya haisikiki, ongeza. Taa za mashine zilimwambia mzee sauti ni kubwa kiasi gani. Mkewe alimwambia kama inasikilizika. Na watu wa kigango wakasema Thadei, waliyemwita Baba Dorine, ana masikio ya popo.

Mwaka huu wenyeji wanaoishi Dar es Salaam walituma miksa mpya ya chaneli kumi na sita, mashine ya kuchanganyia sauti, pamoja na maiki zake, zawadi kwa ajili ya misa ya kwanza ya padre kijana aliyezaliwa hapo hapo Mjimwema. Remmy, mwenyekiti wa kwaya, alimwita Thadei aje aifunge. Halafu, bila kumwambia, akamwita na Abasi, mtu wa Tunduru kwenye korosho, mwenye muziki wa kukodisha pale Msamala.

"Shikamoo, Baba Dorine," Abasi alisema kwa sauti ya kutosha.

"Marahaba. Umekuja kusali au kutazama?"

"Nimekuja kubeba waya, mzee wangu. Sisi watu wa korosho tumezoea kubeba."

"Basi beba taratibu, usije ukazipeleka ghalani."

Waimbaji waliokuwa wakipanga mabenchi chini ya turubai wakacheka. Remmy naye alicheka, kisha akamvuta Thadei pembeni. "Mzee, mashine hii ni ya heshima. Ikitoka salama leo, ni yako mpaka uchoke. Lakini itoke salama."

Thadei aliifunga vizuri, hilo hata Abasi hakulipinga. Aliweka miksa mezani kivulini, akashusha vitelezi vyote vya kupandishia sauti mpaka chini na kurudisha kila kitufe nyuma. Akachomeka maiki moja moja, na chini ya kila chaneli akabandika kipande cha plasta ya kidonda na kuandika: padre, masomo, sauti ya kwanza, ya pili, kinanda. Waya mbili za kutoka zikaenda kwenye amplifaya, na kutoka hapo kwenye spika. Umeme akauwasha kwa mpangilio, miksa kwanza, amplifaya mwisho, kwa sababu anayegeuza mpangilio huo hupigisha spika kishindo cha kuua spika na wazee. Kisha akawaita waimbaji mmoja mmoja.

"Usinijaribie! Imba kama utakavyoimba padre akikutazama."

Mtu akiimba, yeye alizungusha kitufe cha kuingizia sauti mpaka taa ya kijani icheze na ya njano ichungulie, kisha akarudisha kidogo. Vidole vyake havikusita. Ungemwona ungesema anasikia mpaka pumzi.

Zilibaki spika. Thadei alizisimamisha nyuma ya kwaya, zikitazama barabarani.

"Mzee wangu," Abasi alisema, "hizi maiki za kwaya ni kali, zinasikia mpaka mtu akimeza mate. Tusogeze spika mbele ya kwaya. Zikikaa nyuma, maiki itasikia spika, spika itarudia maiki, zitazungukana mpaka zipige mluzi."

"Hapa spika hukaa nyuma ya kwaya. Kwaya isiyojisikia haiimbi. Nimezisimamisha hapo tangu mama yako hajajua korosho inabanguliwaje."

"Haya. Mimi yangu macho."

Kunegunda aliyasikia yote. Alikuja mezani na kitabu chake cha nyimbo. "Baba Dorine, msikilize huyo kijana."

"Nimemsikiliza."

"Basi mwambie ukweli. Aketi hapa karibu yako, awe anakusikilizia. Si aibu."

"Ukweli gani?" Alidhani amenong'ona. Remmy, aliyekuwa mbali kwenye altare, aligeuka kutazama. Thadei akashusha sauti. "Nenda kasimame mahali pako. Simama nikuone."

Kunegunda alikibana kitabu kwapani. "Nitasimama," alisema. "Utaniona."

Misa ilikwenda. Mara mbili Kunegunda aligusa kilemba kulia, mara mbili Thadei akashusha, na padre kijana akahubiri hadi wajomba zake wakatokwa machozi. Baada ya komunyo akaitwa mama mzazi ashukuru. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani, na maiki aliishika mbali na kinywa kama mtu aliyeshika kuku wa mwenzake. Midomo ilicheza, taa ya chaneli yake haikucheza. Thadei akapandisha. Akapandisha tena, na vitelezi vya kwaya bado viko juu.

Hapo ndipo wazee wa benchi la mbele walipoinua mikono masikioni.

Thadei alitazama taa: kijani, na njano kidogo. Alimtazama mkewe. Alikuwa amesimama pale pale alipopangiwa, mikono yote miwili juu ya kitabu cha nyimbo, anamtazama. Mikono haikuinuka. Thadei akangoja. Wazee bado mikono masikioni. Akaona: ni wazee, hawasikii, wanakinga masikio ili wapate neno la mama wa padre. Basi akamwongezea mama sauti kwa mkupuo mmoja.

Mwanamke mmoja alimwinamia mtoto wake mchanga. Watoto wa Shirika la Utoto Mtakatifu waliruka kutoka kwenye mkeka. Mama wa padre akaiachia maiki ikaanguka, akatazama mikono yake, na Thadei alimsoma midomoni akisema, "Nisameheni wanangu, nimeharibu."

Abasi alikuwa amekaa uani kwenye ukuta wa matofali, maana misa haikuwa yake. Alikuja mbio, akapenya, akanyoosha mkono juu ya bega la Thadei na kushusha vitelezi vyote. Ndipo mikono ya watu iliposhuka.

"Nilidhani hawasikii," Thadei alisema.

Abasi alikuwa akimtazama kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta baba mkwe.

Wakati watu wanapanga foleni ya pilau, Remmy alikuja na sahani iliyojaa nyama akamwekea Thadei mapajani. "Baba Dorine, umetumika sana. Sasa pumzika. Jumapili Abasi atatusaidia, mpaka tupate mtu wetu wa kufundisha."

"Mtu wenu ni mimi."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo," Remmy alisema, akiitikia kwa kichwa kwa nguvu na kuachama kinywa kwa kila neno, kama watu wanavyosema na viziwi. Ina maana Abasi alikuwa ameshasema, au hakukuwa tena na haja ya kusema.

Thadei hakula. Alikwenda nyumbani kwa miguu, na Kunegunda akamfuata, akamkuta ameketi barazani na viatu vya misa miguuni.

"Uliniona?" Thadei aliuliza.

"Nilikuona."

"Mikono yako ilikuwa na nini?"

"Nilikuwa nasali. Tangu masikio yako yafe sijasali misa hata moja, Baba Dorine. Nakaa kukutazama wewe kama mtu anayewinga ndege kwenye mpunga."

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nilikuomba asubuhi uzivue mwenyewe, taratibu, ndani kwako. Ukaniambia nikasimame mahali pangu."

"Na yule mama je? Kakukosea nini?"

Hilo lilimpata Kunegunda. Alikaa chini kwenye ngazi na kufunika mdomo kwa kiganja. Alipouondoa mkono alikuwa akisema jambo jingine, pole pole, amemwinamia, pengine habari ya hospitali, pengine ya kuombana radhi. Thadei siku hizi alimsikia mkewe kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Akayafumba.

Aliyafumba muda mrefu. Mgongoni, kupitia ukuta, alihisi ngoma ikidunda kutoka kule kwenye sherehe. Abasi alikuwa amewasha tena mitambo. Alipofumbua, ngazi zilikuwa tupu. Kunegunda alikuwa ameshavuka barabara, kitabu cha nyimbo kwapani, anarudi kuimba.