Kamera Isiyo na Waya na Wageni wa Ludewa

Nilikuwa nangoja watu wa Makambako wasahau ndipo nisimulie, lakini naona hawana mpango huo, basi acheni niseme mwenyewe kabla hawajazidi kuitia chumvi: ndiyo, ni mimi niliyeonekana kwenye televisheni ya hoteli ya Bi Zuhura nimevaa koti la watu, nikimwigiza mzee wa watu, na ndiyo, niliishia kutambaa sakafuni. Aibu yake bado ninayo. Ila kila nikiikumbuka siku ile nawaona pia watu walionizidi utu, na kwa ajili yao naweza kuisimulia huku nacheka.

Miaka yenyewe ni ile ambayo soko huria lilikuwa limekwisha kukolea, na sisi tuliokaa njia panda tukawa tunaona vitu vikishuka kila wiki, simu, madishi, majenereta, jaketi za mitumba, pamoja na watu wa kila mkoa waliokuja kuviuza. Mimi nauza mbao (mwenyeji wa Njombe, Mbena wa kuzaliwa, Mlutheri wa benchi la nyuma), nikawa nimejenga nyumba kando ya barabara kuu na kuiwekea dari ya msonobari niliyoichagua ubao kwa ubao. Dari ile niliipenda, jamani. Mgeni akiingia nilikuwa namwonyesha dari kwanza, kiti baadaye. Sasa nyumba ya jirani yangu mmoja ikavunjwa mchana kweupe wenyewe wakiwa shambani Kitandililo, wezi wakabeba hadi mapazia, nami nikaamua kwamba nyumba yangu haitalindwa na mbwa kama nyumba za watu wengine.

Nikaenda dukani kwa Hamisi, ambaye kila kilichofika Kariakoo, kwake kilikuwa kinafuata. Akanitolea kamera za ulinzi mbili. Moja ya waya, nzito, haina sura, waya wake upite juu ya dari mpaka kwenye TV. Nyingine bila waya, ndogo ya kuenea kiganjani, ina kiantena chake na kitaa chekundu, na kusikia inasikia. Hamisi, mtu mwungwana, akanishauri nichukue ya waya kwa sababu picha yake inabaki baina yangu na TV yangu, haina pengine pa kwenda. Nikamwambia dari yangu haitobolewi. Akasema sawa, hii nyingine haitaki hata kisanduku cha kupokelea, unaiwasha tu halafu unatafuta chaneli kwenye TV ya antena mpaka unaikuta. Nikamwuliza, TV ya aina yoyote? Akanitazama kidogo.

"Ndiyo, mzee. TV yoyote."

Nikaona kama nimeongezewa zawadi (mpaka leo najiuliza masikio yangu yalikuwa yamekwenda wapi), nikaichukua ile isiyo na waya na kuondoka nayo kifua mbele.

Nje sikuiweka, niliogopa ukungu na manyunyu yetu yasiiue, kwa hiyo nikaipandisha juu ya kabati la sebuleni ikaangalia mlango na makochi, TV nikaihamishia chumbani. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Nilikuwa naketi kitandani namtazama mke wangu akifagia sebule kwa umakini ambao sikuwahi kumtazama nao akiwa mbele yangu, hadi siku moja akasimama katikati ya sebule na ufagio wake akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba kama ninataka kumwona, mlango uko wazi.

Basi. Binti yetu wa kwanza, Upendo, ni mwalimu, na chuoni alikutana na kijana wa Ludewa, Fadhili, mwalimu mwenzake, mpole, mchapakazi, ambaye hata mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nimeshampenda. Washenga walikuja mara ya kwanza wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Mtweve, mtu wa Lupingu, huko huko Ludewa ukingoni mwa ziwa, mrefu, mkimya, mwenye kusema polepole sana na kila baada ya maneno machache anaweka "kwa... maana... hiyo..." huku akiivuta suruali juu kidogo. Nikawaambia warudi Jumamosi fulani kuchukua jibu. Upendo alikuwa ameshaniambia wazi kwamba anamtaka kijana huyo na hataki mwingine. Jibu lilikuwa ndiyo, nyumba nzima ilijua ni ndiyo. Lakini nani anatoa binti yake kirahisi rahisi hivyo? Nilitaka kwanza wanione.

Kwa ajili ya kuonekana huko nilikwenda mpaka Njombe kuazima koti la kaka yangu, lile zito la kijivu lenye vifungo vya dhahabu, na Jumamosi asubuhi, saa mbili nzima kabla ya muda wa wageni, nikasimama katikati ya sebule kufanya mazoezi. Mke wangu alikuwa anatandika vitambaa vya makochi, Upendo yuko jikoni anakaanga maandazi, kamera iko juu ya kabati na kitaa chake kinawaka (niliiacha makusudi, mgeni akiuliza nipate la kusema). Mpango wangu ulikuwa nikatae kwanza. Nikatae kwa uchungu, niseme kuna injinia wa Dar es Salaam naye ameleta barua, niwaache watoke jasho, halafu nilegee taratibu. Huyo injinia hakuwapo. Mke wangu akaniambia niache, nitamharibia mtoto jina. Mimi nikasema yeye hajui mambo ya wanaume, nikaanza kucheza pande zote mbili, huku mimi, kule Mzee Mtweve.

Na hapo ndipo niliponoga. Niliivuta suruali juu, nikakohoa, nikasema "kwa... maana... hiyo..." mpaka mke wangu, ambaye alikuwa amenuna, akacheka bila kupenda, na mtu akishacheka mimi sina breki tena. Nikaongeza mwendo wa mzee. Nikaongeza jinsi anavyokunywa chai. Nikasema watu wa ziwani hawa watamkabidhi binti yangu ukili wa mkeka na dagaa wa kuanika, shahada yake ya ualimu watafungia samaki.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya Bi Zuhura, mama wa Kilosa aliyehamia kwetu na mumewe dereva, chai yake ya maziwa ilisifika hadi kwa madereva wa Tunduma, na ukutani alikuwa na televisheni ya antena. Siku hiyo matangazo yalikatika, skrini ikawa chenga tupu, na dereva mmoja asiyetulia akapanda juu ya kiti kutafuta chaneli nyingine. Alichokipata ni mimi. Na wageni wangu, watu wa adabu, ambao walilala Njombe na kudamka mapema, waliona si vizuri kubisha hodi kabla ya muda, basi walikuwa wameketi meza ya mbele kabisa, wanakunywa chai.

Haya aliniambia Bi Zuhura baadaye, na ninamwamini. Anasema mwanzo watu walidhani ni mchezo wa kuigiza, wakasifu hata koti. Kisha mmoja akalitambua kabati, mwingine akanitambua mimi, hoteli ikaangua kicheko, halafu kikakatika ghafla kwa sababu Mzee Mtweve naye alikuwa amejitambua. Bi Zuhura akauvua mtandio wake akaifunika TV. Sauti ikabaki, na kitufe cha sauti kilikuwa kimeng'oka siku nyingi, kwa hiyo watu wakaendelea kunisikia kutoka ndani ya mtandio. Mdogo wake mzee, aliyekuwa amefuatana naye, akainuka, akasema basi la kurudi halijajaa, waondoke. Mzee akamwambia akae, chai haijaisha. Ndipo Bi Zuhura akaamua kuvuka barabara mwenyewe, kichwa wazi, yeye ambaye hakuna mtu Makambako aliyewahi kumwona bila mtandio.

Sasa hebu mfikirieni mama wa watu, anaingia kwangu anahema, anamkuta mwanamume amevaa koti la Njombe amejikunja kama mzee, hataki kuniaibisha mbele ya mke wangu, anatafuta neno la heshima.

"Baba Upendo," akasema, "unaonekana."

Nikajiweka sawa, nikafuta vumbi begani. "Nashukuru sana, Bi Zuhura. Siku kama ya leo lazima mtu aonekane."

"Sivyo. Unaonekana kule kwangu. Kwenye TV. Na kusikika unasikika."

Sikuelewa, au nilielewa nikakataa. Akanyoosha kidole kwenye kamera. Akasema wageni wangu wako pale tangu asubuhi. Nilitazama kile kitaa chekundu, nacho kikanitazama, nikajitupa chini ili nitoke kwenye picha, nikaanza kutambaa kuelekea kwenye plagi nyuma ya kochi, na vifungo vya kaka yangu vinakwaruza saruji. (Kumbe upepo wa barabarani ulikuwa umeshaudondosha mtandio. Walikuwa wananiona natambaa.) Nilichokiwaza pale chini hakikuwa koti wala jina langu. Niliwaza kwamba mwanangu alimpata mtu mwema, na mimi baba yake nimemfukuza kwa kuchekesha.

Upendo akatoka jikoni anafuta unga mikononi. Alikuwa amesikia yote. Nilikuwa nimeshaishika plagi akaniambia, "Baba, usizime," akanipita pale chini, akaenda kusimama mbele ya kabati, akaiinulia kamera uso.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema. "Shikamooni wote. Ninaitwa Upendo, ndiye mliyekuja kumwulizia. Injinia hayupo, hajawahi kuwapo. Baba yangu anaogopa kubaki bila mimi, na akiogopa huwa anafanya mzaha. Mzaha wa leo umewakosea, nami ninaomba radhi kwa niaba ya nyumba hii. Mkiona vema kurudi Ludewa, sitawalaumu. Mkiona vema kuvuka barabara, maandazi yako tayari. Na dagaa naweza kuanika, bibi yangu alinifundisha."

Kisha akainama akaichomoa plagi niliyokuwa bado nimeishika pale chini, akarudi jikoni.

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona ujasiri wa namna ile. Sijui aliutoa wapi, kwangu hakuutoa. Mke wangu alikaa kwenye kochi akakunja mikono, Bi Zuhura akasimama mlangoni anachungulia ng'ambo, malori yakawa yanapita. Ule muda wa kungoja ndio adhabu yangu yote, mengine yalikuwa nyongeza. Nilisikia mafuta yakichemka jikoni nikajua anaendelea kukaanga ili asije sebuleni kuangalia.

Bi Zuhura akasema taratibu, "Wanavuka."

Hodi ilipigwa kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza. Nikainuka, nikawapokea, nikataka kupiga magoti, Mzee Mtweve akanishika kiwiko akanizuia, akaniamkia "kamwene" yetu ya Kibena kwa sauti ya mtu ambaye hajaona lolote. Alikuwa ameushika mtandio wa Bi Zuhura, ameukunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Halafu akaketi, akatazama juu.

"Dari nzuri," akasema.

Jamani, alinipa hilo, mtu niliyemtukana! Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa kiganja, akasema mshenga akienda kwa watu hupewa soda na kuonyeshwa binti aliyeinamisha kichwa, arudi nyumbani hajui kitu, lakini yeye leo ameonyeshwa binti akiwa amesimama, na hana swali tena. Akaivuta suruali juu kidogo, makusudi kabisa, akanitazama machoni.

"Binti tumempenda," akasema. "Baba yake... kwa... maana... hiyo... tutamzoea."

Mdogo wake ndiye aliyeanza kucheka, tena yule yule aliyetaka kupanda basi, mke wangu akafuata, na jikoni nikamsikia Upendo akilia kwa sauti mara moja tu, kisha akatokea na sahani ya maandazi, uso umeoshwa.

Kamera ile nilimrudishia Hamisi, akaipokea bila kunicheka (alingoja nitoke, nilimsikia nikiwa barabarani), nikachukua ile ya waya, nikaitoboa dari yangu mwenyewe kwa mkono wangu, kamera ikaelekezwa getini. Harusi tuliifunga Njombe kwa shangwe zote. Wakati wa kuagana Upendo alinikumbatia akanisogezea mdomo sikioni, nikajiandaa kwa maneno ya kuniliza, kumbe anasema, "Baba, ukija Ludewa, tafadhali, kaa kimya mpaka uulizwe."

Nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo. Nakaa kimya.