Vidonge vya Mwakani

Nimetafiti magonjwa ya damu ya watoto mkoani Katavi kwa miaka mingi, na bado kuna faili moja ambalo silifungui kwa sababu nililiandika vibaya.

Lilikuwa la msichana wa miaka saba wa Majimoto, mwenye selimundu, ugonjwa ambao akina mama wanauita sikoseli. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe. Kila mwezi tulitoka Mpanda na gari la mradi, tukawapima watoto damu na kuwapa chupa ya vidonge vya kumeza kila siku. Haviponyi, lakini mtoto asiporuka siku vinapunguza yale maumivu ya mifupa yanayomliza mpaka sauti inakauka. Mama alitakiwa kurudisha chupa ya mwezi uliopita tuhesabu vilivyobaki. Ya mama huyu ilirudi tupu kila mara.

"Leo mkono gani?" msichana aliniuliza siku moja. "Huu umeshaumaliza, daktari. Hivi nyie damu yetu mnaungia mboga?"

"Tunailia wali," nikamjibu.

"Mtavimbiwa!"

Mama yake alimpiga kikofi begani. "Heshima, we!" Lakini naye alikuwa anacheka.

Damu yenyewe haikubadilika. Kwa mtoto anayemeza dawa hii, chembe nyekundu huongezeka ukubwa. Zake zilibaki vilevile, na maumivu yakaendelea kumlaza.

"Unampa kila siku?" nilimuuliza mama.

"Nampa, daktari."

Nikaitazama chupa tupu, nikaiamini kuliko damu. Niliongeza dozi. Miezi ikapita bila nafuu, nikaandika kwenye faili: dawa haimsaidii.

Mvua za masika zilipofurika kwenye majaruba ya mpunga na pikipiki zikashindwa kupita, kifua kilimbana msichana. Baba yake alimbeba mgongoni kuelekea kituo cha afya. Alifia njiani.

Nilipokwenda kutoa pole, mama aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Alilifungua mbele yangu. Vidonge vilikuwa vimelijaza zaidi ya nusu, vingine vimeshikana kwa unyevu.

"Nilikuwa namwekea," alisema. "Siku moja anameza, siku mbili naweka. Si ulitusomea kwamba mradi ni wa mwaka mmoja? Nikajiuliza, mwakani atameza nini?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, si mngemtoa?"

Tungemtoa. Asiyemeza dawa kama alivyoelekezwa anaondolewa kwenye utafiti, na hilo pia nililisoma. Nakumbuka asubuhi ile ya kusaini fomu. Ile sentensi ya mwaka mmoja niliisoma mara mbili, polepole, ili asije mtu akasema tulificha. Niliuliza kama kuna swali. Wazazi walikaa kimya kwenye mabenchi, nami nikafungua ukurasa unaofuata.

Mwezi mmoja kabla ya msiba, mradi ulikuwa umeongezewa muda. Barua ilikuwa mezani kwangu Mpanda, ikisubiri kliniki ambayo mvua ilituzuia kuifanya. Hata pale msibani sikumwambia. Sijui kama huko kunyamaza kulikuwa huruma au woga.

"Sema kweli, daktari," alisema. "Angevimeza vyote, angekuwepo?"

Nilimjibu kwamba dawa hii haimsaidii kila mtoto. Hakuna uongo hapo, ila sikuwa nimejibu alichoniuliza, na nadhani aliliona hilo. Akafunika kopo na kuniwekea mapajani.

"Wape wenzake."

Vidonge vilivyokaa hivyo hapewi mtoto yeyote, vinachomwa. Nililipokea kopo kwa mikono miwili, nikamwambia asante, watafurahi.