Maziwa ya Wifi

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, homa ilinishika na maziwa yakakataa kutoka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa akinyonyesha binti yake katika nyumba hiyo hiyo, hapa Malindi. Akamchukua na wangu, bila kuombwa. Mama mkwe akanituliza: "Watu ni mwili mmoja, mwanangu. Kiungo kimoja kikilegea, chengine hushika kazi."

Nilishukuru. Nilishukuru kwa mdomo.

Asubuhi moja mimi na wifi tulikuwa sebuleni tukichagua mchele, mwanangu akalia chumbani. Hakuna aliyekuwa ameinuka, lakini leso ya wifi ilikuwa imekwisha kulowa kifuani. Kilio cha mtoto wangu kilinipita mimi kikaenda kumwita yeye. Nikajigusa: pakavu. Akaingia chumbani na kilio kikakatika papo hapo, nami nikabaki natafuta mawe kwenye mchele niliokwisha kuuchagua.

Kwa dini yetu, wifi sasa ni mamake wa kunyonya. Mtoto mwenyewe yuko chekechea. Akianguka uani tunatoka sote wawili, na hata nikiwa mimi ndiye niliye karibu, humkimbilia yeye.

Siku hizi naamini maneno ya mama mkwe, maana ningekuwa nje ya mwili huo nisingeumia hivi. Ila hakuniambia kwamba kiungo kilicholegea hakifi ganzi. Kiko macho muda wote, kinatazama kiungo chengine kikifanya kazi iliyokuwa yake.