Kinasaba Kilichobaki Nyumbani

Nakumbuka siku moja shambani kwetu Bonga, mwanangu, mahindi yameshavunwa na mbaazi zimebaki zenyewe. Unajua zinavyokuwa wakati huo: mwenzao ameondoka, zinabaki na upepo. Nilikuwa likizo kutoka maabara, Arusha. Kaka yangu Daudi, baba yako mkubwa, alikuwa anachuma, nami shangazi yako najigamba.

Nilimweleza kwamba tunalinganisha vinasaba vya mbaazi na vya kunde na soya, maana zamani sana mimea hiyo ilikuwa na babu mmoja. Tulikuta kinasaba kimoja ambacho huko nyuma kilijinakili, vikawa viwili. Kimoja kikabaki na kazi ileile ya zamani. Cha pili, kwa kuwa kazi imeshapata mwenyewe, kikawa huru kubadilika kidogo kidogo. Mara nyingi nakala kama hiyo hufa tu, lakini hii ilipata kazi mpya.

Kaka hakuacha kuchuma.

"Basi hicho kilichobaki ni mimi," akasema.

Hakusema kwa hasira. Baba alipofariki yeye aliacha shule ashike jembe, mimi nikaendelea kusoma. Wazee husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nadhani ndiyo maana kwetu hakuna aliyewahi kumsifu, ingawa hakuwa mgema.

"Ungeondoka na wewe, kaka," nikamwambia, "mmea ungekufa kabla mimi sijajifunza kitu."

Akaweka kikapu chini. "Hilo nimelisubiri miaka, mdogo wangu."

Basi. Tukachuma mpaka jioni. Leo hayupo. Naishi kwenye nyumba yake, nachuma mbaazi zake, napikia mtu mmoja kwenye sufuria ileile kubwa. Upweke unauma, mwanangu, sikufichi. Lakini usingizi napata, kwa sababu alisikia.

Kesho unakwenda chuo, na mdogo wako Elia anabaki Nangara kumuuguza mama yenu. Sikuzuii; kubadilika si dhambi. Ila usipande basi kabla hujamwambia kwamba unaondoka kwa sababu yeye amebaki. Mwambie kwa mdomo, mkiwa mnatazamana. Usingoje msibani, maana huko kila mtu ana maneno mazuri.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe kazi mpya, na siku ukirudi, ukibisha hodi, awepo wa kukuitikia.