Mtungi wa Mlangoni

Tak Bok-dan hana nyumba yake, hana mtoto aliyebaki hai, na goti lake la kushoto halikunjiki. Kwa miaka arobaini na mmoja, kila asubuhi kabla ya kuosha mchele wake, huchota kijiko kimoja na kukitia katika mfuko mdogo wa kitambaa. Jumapili huubeba mfuko huo kanisani na kuumimina kwenye mtungi wa udongo ulio mlangoni. Wanawake wengi wa kanisa letu hufanya hivyo, ila wengine, mimi nikiwamo, husahau wiki nzima kisha huchota kikombe kizima Jumamosi jioni. Yeye hasahau. Mchele huo ndio tunaowapikia wazee wanaokuja kula baada ya ibada, na wengi wao hawaonji kitu cha moto hadi Jumapili nyingine.

Mtungi huo ndio Mzee wa Kanisa Pyo Gi-cheol, mwenye kinu cha kukoboa mchele, aliotaka kuuondoa.

Pyo ni mtu wa kutoa, sitasema uongo. Kinanda ni chake, na jina lake liko juu ya kinanda. Hata kioo cha choo cha wanaume, nimeambiwa, kina jina lake pembeni, kwa hiyo mtu hunawa mikono huku akimshukuru. Kanisa lilipokaribia kutimiza miaka sitini, alisimama baada ya matangazo na kunyoosha tai yake.

"Ndugu zangu, ule mtungi unatutia aibu. Mchele wa huku na kule, shayiri humo humo. Wageni watatuonaje? Kuanzia siku ya sherehe, wazee watakula mchele wangu. Magunia arobaini. Mtungi tutaupandia maua."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga, na nikikumbuka najichukia. Bok-dan hakupiga. Majina ya wanaotoa bahasha huchapwa kila wiki kwenye karatasi ya ibada, na lake halijawahi kuonekana humo, maana hana cha kutia kwenye bahasha. Kijiko kile ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa Mungu.

Magunia yalifika Ijumaa yakiwa na utepe mwekundu na jina la Pyo kila moja. Jumamosi tulifungua la kwanza jikoni. Punje zilikuwa nyeupe kupita kiasi. Nilipomwaga maji, fukusi wakaelea juu, na harufu ikapanda kama ya kabati lililofungwa miaka.

"Huu una miaka minne," Bok-dan alisema, akinusa kiganja chake. "Umekobolewa tena ili ung'ae."

Nikaenda kwa mchungaji. "Mchungaji, mchele una fukusi."

"Una hakika?"

"Nimekuletea wawili."

Akawatazama kwenye kiganja changu, akasogeza kiti nyuma. "Tusimwaibishe mtu wiki ya sherehe, Shemasi. Osheni mara tatu zaidi. Wale wazee hawachagui."

Nikafumba kiganja juu ya fukusi wangu, nikatoka.

"Tufanyeje, Bibi?" nilimuuliza Bok-dan niliporudi jikoni.

"Mtungi umejaa?"

"Umejaa."

"Wazee wapikie wa mtungi. Huu pika sufuria moja ndogo, ya meza ya mbele. Umeandikwa jina lake. Ale yeye, na mchungaji wake."

Kwetu hakuna anayegusa kijiko kabla mkubwa wa meza hajaanza. Siku ya sherehe ukumbi ulijaa, supu ya mwani ikitoa mvuke kila meza, na mkubwa aliyekaa mbele alikuwa Pyo. Akachota wali, akatia mdomoni. Taya likasimama. Watu wote walikuwa wanamtazama, vijiko vimelala, na nyuma yake limetundikwa bango lenye jina lake. Akameza. Akachota tena, akameza tena, ndipo watu wakaanza kula.

"Pyo!" aliita mzee mmoja asiye na meno kutoka meza ya mwisho. "Wali wako mtamu mwaka huu. Mungu akuzidishie."

Na Pyo, bila haya, akainamisha kichwa kupokea shukrani.

"Tukuongeze, Mzee?" nikamuuliza. "Upo mwingi."

"Nimeshiba."

Muda si mrefu mkewe aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, ameficha bakuli chini ya koti. "Shemasi Tak," alimwambia Bok-dan, "mume wangu tumbo halijakaa sawa. Nipe kidogo ule wa mtungi."

"Umekwisha," nilisema, nikasimama mbele ya sufuria.

Bok-dan alinisukuma kwa kiwiko. Akalijaza bakuli mpaka likawa na kichuguu, akaongeza na ukoko.

"Bibi, hata yule?" nilimwambia mama yule alipotoka. "Alitaka kuwalisha wazee fukusi."

"Mchele si wangu hata nimnyime. Nilishautoa."

Jumatatu lori la Pyo lilikuja kimya kimya kuchukua magunia yake. Jumapili karatasi ya ibada ikamshukuru kwa magunia arobaini, kwa herufi nene. Nilimpelekea Bok-dan mlangoni aone. Hakuitazama. Alinipa mkongojo wake nimshikie, akaufungua mfuko wake juu ya mtungi.