Utani Wangu na Mnyamwezi Umenifikisha Polisi

Mhariri, jina langu liache kapuni, maana Songea ni ndogo. Nina miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto wanne, nakaa Bombambili. Riziki yangu ni baiskeli: nachukua mkaa Mpitimbi, nauza mjini. Naandika haya nikiwa sina hamu hata ya kula.

Mwezi uliopita nilikuwa nateremka na magunia mawili, waya wa breki ukakatika. Nikalivaa gari lililoegeshwa kando ya barabara. Mlango ulibonyea, kioo kikamwagika chote. Mwenye gari akatoka dukani, nikamtambua: mtumishi wa serikali kutoka Tabora, Mnyamwezi, mtani wangu. Tangu ahamie hapa hatujawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mngoni, umeniua," akasema.

"Nani alikuruhusu kuegesha kwenye nchi yangu? Nimegonga makusudi, na kesho narudia."

Tulicheka mpaka watu wakajaa. Akaniambia nisihangaike, gari lina bima kubwa, watalitengeneza.

Bwana wa bima alipokuja kukagua, mtu wa hizi kampuni binafsi zilizoanza kuingia, mgeni asiyejua utani wetu, alinikuta kwa mtani. Akauliza ilikuwaje. Mtani akadakia, "Muulize vizuri, hawa Wangoni wakorofi." Nami kwa mdomo wangu huu nikajibu, "Niligonga makusudi, andika." Yule bwana hakucheka. Aliandika kweli, na mashahidi hakuwakosa, kwani siku ya tukio mtaa mzima ulinisikia.

Sasa kampuni inasema yenyewe inalipa ajali, siyo makusudi. Nimefunguliwa kesi ya kuharibu mali. Baiskeli iko polisi, na watoto wanakula kwa huruma ya majirani. Nilimwendea mtani nikamwomba aseme ule ulikuwa utani tu. Akainama.

"Wameniambia nikikutetea, watasema tulipanga wote ili nilipwe. Nitakosa gari, nikose na kazi."

Hilo ningelimeza. Lakini wiki hii tumemzika mama yangu, na mtani alikuja, kama inavyompasa. Aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Aliwachokoza wajomba zangu, akamtania hata marehemu, watu wakacheka na machozi yao. Alipofika kwangu alivua kofia, akanipa mkono, akasema taratibu, "Pole sana, mzee." Kisha akapita. Afadhali angenitukana. Nililia pale kuliko nilivyomlilia mama, na Mungu anisamehe.

Kesi inasikilizwa mwezi ujao. Nikisema tulikuwa tunataniana, namtumbukiza yeye. Nikinyamaza, nafungwa mimi, na wanangu sijui watakula nini. Ndugu wasomaji, hasa ninyi wenye watani, nikisimama mbele ya hakimu niseme nini? Nasikia hakimu naye, kama yule bwana wa bima, anatoka kabila lisilo na utani na sisi.